Meno ya Mke wa Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Mji wenyewe unakwisha kabla hujaanza kuutazama: barabara moja ya lami inashuka kutoka stendi hadi baharini, na ikikaribia maji hata lami inachoka, inabaki changarawe. Miezi minne. Daktari wa meno wa hapa amestaafu, na hadi apatikane mwingine, wakubwa waliangalia orodha wakamtafuta asiye na mume wala mtoto wa kumlilia. Nikaonekana mimi.

Chumba changu cha kazi kiko mwisho wa ukumbi wa hospitali, jirani na stoo ya magongo. Kiti cha wagonjwa hakilali, kiuno chake kimeshikwa na kutu. Bawaba zina kutu, dirisha lina kutu, koleo mbili kati ya sita nimezitupa leo leo.

"Ni chumvi ya bahari, daktari," nesi akaniambia, kama vile bahari imeletwa juzi na bado hawajapata nafasi ya kujiandaa.

Jumanne, 4 Machi

Saa nne asubuhi nimenunua mche wa sabuni na wembe dukani. Saa kumi narudi nyumbani, mama mwenye nyumba ananiuliza wembe ni wa nini. Nimepanga kwake chumba kimoja cha uani, na naona nimepanga pamoja na masikio yake. Nimempa jina: Redio. Hana kitufe cha kuzimia.

Ijumaa, 7 Machi

Meno kumi na moja wiki hii, yote ya kung'oa. Watu hawa wanakaa na jino bovu mwaka mzima, wanalisukutua kwa maji ya chumvi, wanalisimulia kwa majirani, kisha wanakuja siku limebaki ganda na kuniuliza kama linaweza kuzibwa. Na kila anayekaa kitini lazima ajue: mwenyeji wa wapi, umeolewa, mbona hujaolewa. Leo mmoja nilimjaza pamba mashavu yote mawili. Aliuliza kwa pamba.

Jumatano, 12 Machi

Mvua zimeanza. Umeme hakuna, wagonjwa hakuna, maji ya bomba yana rangi ya chai. Redio yupo hewani.

Ijumaa, 14 Machi

Hatimaye mtu!

Amekuja mkuu wa shule ya sekondari kusafishwa meno. Hapa wanamwita Mwalimu tu, kana kwamba hakuna mwingine. Alipoingia ukumbini wagonjwa wote walisimama, hata mzee mwenye mguu wenye plasta. Meno yake ni mazuri kuliko yote niliyoyaona tangu nishuke kwenye basi: yamepangika, hayana ukoga wa kutisha, fizi za rangi ya waridi. Na anamaliza sentensi. Amenisikiliza hadi mwisho bila kuniuliza habari za mume. Alipoona kitabu mezani kwangu akasema yeye anavyo vingi, ataniletea viwili vitatu vya kunisaidia kuvumilia masika.

"Mji huu unamla mtu taratibu, daktari," alisema. "Ukikaa bila kusoma, mwaka mmoja tu, na wewe utaanza kuchungulia vyungu vya jirani."

Nilicheka hadi nesi akanitazama. Nesi mwenyewe muda wote alikuwa amesimama kule kwenye sinki akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Huyu mwanamke anaongea kutwa kuhusu bei ya nyanya, lakini akija mtu wa maana hana la kusema.

Jumatano, 19 Machi

Vitabu vitatu vimekuja, vimefungwa kwenye gazeti ili visilowe. Ndani ya kimoja ameandika maoni yake pembeni kwa penseli. Nasoma maoni kuliko kitabu.

Jumanne, 25 Machi

Nimekunywa chai kwa Mwalimu. Nyumba nyeupe, nadhifu, rafu ya vitabu ukuta mzima, kila kitu kimewekwa sawa kwa rula. Tulizungumza saa mbili. Mkewe alileta chai, akaenda. Akaleta maji, akaenda. Mwisho akakaa ukingoni mwa kiti, mkono mdomoni, kama msichana aliyeitwa mbele ya wakwe. Nilimuuliza kama anapenda kusoma. Akamtazama mumewe.

"Mke wangu ni mtu wa nyumbani," Mwalimu akajibu, akitabasamu.

Njiani nilimhurumia, yeye Mwalimu. Mtu wa namna ile, halafu anaishi na pazia.

Alhamisi, 27 Machi

Redio ameniuliza chai ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa na sukari. Kwa mara ya kwanza hakuuliza la pili. Akachukua beseni lake akaingia ndani.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Saa tano walikuja wawili chini ya mwavuli mmoja, Mwalimu na mkewe. Mke alikuwa na taulo mdomoni, taulo jeupe, na halikuwa jeupe tena. Mwalimu ndiye aliyezungumza: mvua, ngazi zimelowa, ameteleza, ameangukia uso, maskini. Sauti yake tulivu kabisa. Alimsaidia kukaa, akamfuta matope kwenye kiatu.

Meno mawili ya juu ya mbele yamekatika, moja karibu na fizi. Mdomo umepasuka kwa ndani, pale unapopasuka ukigandamizwa kwenye jino na kitu kinachotoka mbele. Pembeni kuna pengo la zamani, limepona, halikung'olewa na daktari yeyote. Najua tofauti ya jino lililong'olewa kwa koleo na lililotolewa kwa ngumi. Chini ya taya kulikuwa na weusi unaogeuka kijani. Weusi wa leo haugeuki kijani.

Mtu akiteleza hutanguliza mikono. Nilimshika viganja nikavigeuza. Laini, safi, hakuna mchubuko.

"Pole sana, mama. Ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Aliteleza," akasema Mwalimu.

"Namuuliza yeye."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake kizuri. "Daktari, hawezi kusema na mdomo ule. Wewe andika tu kuteleza, tusimtaabishe."

Mke alikuwa ananitazama. Hakuwa pazia hata kidogo. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri zamu yake ifike kwenye foleni na anaona dirisha linataka kufungwa.

Vitabu vyake vitatu vilikuwa mezani kwangu, palepale, karibu na wino. Niliandika: *Aliteleza ngazini, akaangukia uso.* Nikatia sahihi. Mwandiko wangu ni mzuri, walimu wangu wote walinisifu.

Jumanne, 8 Aprili

Nyumba ya Mwalimu haina ngazi. Ni ya chini, kizingiti ni sawa na ua. Nilikunywa chai pale.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwuliza nesi, tukiwa tunachemsha vyombo, kama alijua.

"Kila mtu anajua, daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu arusi, kwa kukisia."

"Na hakuna aliyesema?"

Alizima jiko kwanza. "Amewafundisha wote. Polisi amemfundisha, karani wa mahakama amemfundisha, mimi mwenyewe alinifundisha kidato cha tatu. Mwanangu anafanya mtihani mwaka huu, na anayeandika barua za sifa ni yeye. Ungesema wewe?"

Basi nikafoka. Nilimwambia huu ni mji wa watu duni. Unajua rangi ya wembe wangu kabla sijaufungua, unajua nani kapika nini na kabakiza kiasi gani, unajua mimba kabla ya mwenye mimba, lakini mwanamke akipigwa mita mia kutoka sokoni, ghafla wote ni vipofu, ni viziwi, ni watu wenye adabu wasioingilia nyumba za wenzao. Nilisema mengi. Nilijisikia vizuri sana nikiyasema.

Nesi aliningoja nimalize.

"Na wewe ulijua lini?"

"Juzi, alipokuja."

"Ukaandika nini?"

Vyombo vilikuwa tayari. Tukavitoa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua siku ya saba. Barabara kuu imekatika darajani, hakuna basi linaloingia wala kutoka. Nimekutana na Mwalimu mbele ya posta. Ameniuliza kitabu kinaendaje. Nimesema kizuri.

Kizuri!

Jumamosi, 26 Aprili

Hakuna jipya. Ukungu umeota kwenye viatu vyangu na kwenye vitabu vyake. Nimeanza kumjua kila mtu kwa jina la jino lake, na hakuna ninayempenda. Orodha ya ninaowadharau imeongezeka mmoja, na huyo nalala naye kila siku chumba kimoja.

Jumanne, 6 Mei

Saa sita mchana. Dari la chumba cha meno lilikuwa linavuja juu ya kiti, nikafunga nikarudi nyumbani. Redio alikuwa amesimama mlangoni mwangu, mikono kifuani, akanizuia kuingia chumbani kwangu mwenyewe.

"Ongea chini," akanong'ona. Sikujua kama anaweza kunong'ona.

Mke wa Mwalimu alikuwa juu ya kitanda changu. Nilipomgusa taya akatoa mlio ambao sitauandika. Taya la chini limepata ufa, na jino la tatu limekwenda. Redio alikuwa amempangusa, amembadilisha nguo, amemfunga kwa kitambaa chake cha kichwani, na amefunga vizuri kuliko nesi wengi ninaowajua.

"Nimemweka kwako kwa sababu kwangu mumewe ameshawahi kumtafuta," akasema. "Hii mara ya nne. Mara zote anarudi. Safari hii nimemwambia harudi, hata nikimkalia."

Nilikuwa bado nimepiga magoti ndani ya vile viatu vya ukungu wakati tuliposikia "Hodi" ya taratibu kabisa huko nje. Mwalimu.

Nikaganda. Redio akachukua ufagio, akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Tulimsikia kupitia dirishani.

"Karibu, karibu Mwalimu! Yaani umekuja wakati mzuri, nilikuwa nataka mtu mwenye akili anishauri. Unaona huu mtaro?"

"Shikamoo mama. Namtafuta mke wangu, ametoka bila—"

"Marahaba baba. Mtaro huu! Jirani amehamisha mawe, maji yote yanakuja kwangu. Nikamwambia, wewe, mawe haya aliyaweka marehemu mume wangu. Unajua alinijibu nini? Simama huku, usilowe. La, hapo panavuja. Simama hukohuko tu. Alinijibu eti marehemu hana mtaro. Hebu niambie wewe uliyesoma!"

Alimwambia habari za mtaro. Alimwambia habari za kuku aliyeacha kutaga, za mkwe wake anayetia chumvi mara mbili, za kaka yake aliyeuziwa bati lenye matundu. Mwalimu alijaribu kusema "mama" mara nane, nilihesabu. Hakuwahi kupewa nafasi ya kumaliza sentensi hata moja. Mvua ilikuwa inamnyeshea begani. Baada ya nusu saa hivi akasema amechelewa shuleni, akaondoka, na Redio bado alikuwa anamwitia kuhusu bati.

Aliporudi ndani akakaa sakafuni. Ufagio alikuwa bado ameushika kwa mikono yote miwili.

Nilikimbia hospitali kuchukua vifaa, nikarudi nikamfunga mgonjwa taya kwa waya, Redio akamshika kichwa. Kabla sijakaza waya wa mwisho, aliinua kidole, anataka kusema. Alisema kwa shida, neno moja moja, na kila neno nililisikia.

"Mwezi uliopita nilikwenda polisi. Peke yangu. Siku tatu baada ya kuja kwako. Wakapiga simu hospitali, wakasomewa faili. Wakaniambia, mama, daktari ameandika uliteleza. Wakanirudisha nyumbani. Kwa gari lao."

Akapangusa mdomo kwa kitambaa.

"Nilidhani hukuona. Kwa hiyo nimetaka kukuuliza. Uliona?"

"Niliona," nikasema.

Akafumba macho. Akaninyooshea taya nimalizie waya.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kituo cha polisi saa mbili asubuhi na faili kwapani. Afisa wa zamu ni kijana mwenye magego mawili niliyoyaziba mimi.

"Mwalimu?" akasema. "Daktari, yule alinifundisha hesabu."

"Basi hesabu. Meno matatu, taya moja, mara mbili ndani ya mwezi mmoja."

Akasoma faili, akaweka kidole kwenye mstari wangu. "Hapa umeandika aliteleza."

"Niliandika uongo."

Akaangalia mlango kama upo wazi. Ulikuwa wazi. Akashusha sauti, kwa wema wa kweli, akanieleza kwamba nikiandika hivyo kwenye maelezo nitakuwa nimekiri kuandika uongo kwenye kumbukumbu ya serikali, kwamba kazi naweza kuipoteza, na kwamba imenibakia miezi miwili tu hapa, niondoke tu zangu salama. Mji mzima umo ndani ya ushauri ule. Ulitolewa kwa upole na mtu mzuri.

Nikamwomba kalamu.

Alhamisi, 8 Mei

Wamemkamata shuleni, saa ya mapumziko. Wanafunzi wamelia. Muuza duka hakuniitikia salamu.

Jumatano, 14 Mei

Wagonjwa wawili. Wa kwanza alikuja kuniambia kwamba yule mwanamke ana ulimi. Hakuwa na jino bovu.

Jumanne, 20 Mei

Mahakama ni chumba kimoja chenye madirisha yasiyofungika. Watu walijaa hadi nje, wamejikinga mvua kwa mifuko ya plastiki. Mwalimu amejitetea mwenyewe. Suti ya kijivu, sauti ileile.

"Daktari, mwezi wa nne uliandika kwamba mke wangu aliteleza. Leo unasema alipigwa. Mahakama ikuamini lini? Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine, siyo hilo. Watu wote nilioshinda miezi miwili nikiwacheka walikuwa wamekaa mbele yangu wanasubiri.

"Kwa sababu nilikuona wewe ni mtu, na wengine wote humu sikuwaona watu," nikasema. "Hata mke wako."

Kicheko kikapita, cha aibu, kisha kikafa. Hakimu akaandika.

Nesi alisimama baada yangu. Alitaja siku alizomwona mgonjwa akiletwa, moja baada ya nyingine, kwa kichwa. Mtoto wake alikuwa mstari wa nyuma, na sare ya shule. Kisha akaja Redio. Hakimu alimwonya mara tatu ajibu kwa ufupi. Alianza na mtaro. Watu walishika mbavu. Lakini alipofika kwenye ile mara ya kwanza, namna alivyomkuta kisimani, miaka sita iliyopita, hakuna aliyecheka, na hakimu hakumkatiza tena. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nilitaka aendelee.

Jumanne, 10 Juni

Miaka mitatu. Wengine walilia, na si kwa ajili ya mke.

Jioni hii mji umegeuka wote kwa pamoja, kama kundi la ndege. Muuza duka anasema yeye siku zote alikuwa na wasiwasi na yule mtu. Karani wa mahakama alijua. Yule aliyekuja kuniambia kwamba mwanamke ana ulimi leo amenisimamisha njiani anieleze alivyoteseka moyoni miaka yote kwa kutosema. Nawadharau zaidi leo kuliko siku niliyofika. Wakati ule niliwadharau kwa kutu tu.

Hospitali imenipa barua ya onyo kali. Wameandika vizuri. Nimeiweka kwenye faili langu mimi mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Waya umetoka, taya limeshika. Meno ya bandia yamekuja kwa basi la kwanza kupita darajani tangu barabara itengenezwe. Meno matatu kwenye bamba moja. Nimeyachonga asubuhi nzima hadi yakakaa.

Amejitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akajaribu maneno: *sasa, sisi, sitaki*. La mwisho alilirudia hadi likatoka bila mluzi. Kesho anaondoka kwenda kwa dada yake, mbali na bahari. Nilimweleza namna ya kuyasafisha na kuyalowesha, akasikiliza, akaniuliza maswali mawili ya maana, akachukua mkoba wake, akaagana na nesi kwa kumkumbatia.

Mimi hakunishukuru. Angenishukuru ningemdharau.

Jumatatu, 23 Juni

Mvua zimekwisha. Ukumbi mtupu wiki ya pili sasa. Wenye meno mabovu wanapanda basi kwenda mji wa pili, saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, ili wasifunue midomo yao mbele yangu. Imebaki wiki moja niondoke. Redio ameniuliza kama daktari atakayekuja baada yangu ameoa.

Saa nne na robo mwanamke amesimama mlangoni. Simjui, hakuna aliyewahi kunielekeza kwake, ametoka upande wa forodhani kwa miguu. Mtandio ameushikilia shavuni. Aliangalia ukumbi huku na huku, akaingia, akafunga mlango mwenyewe.

"Wewe ndiye yule daktari?"

"Yupi?"

Alipanda kitini, akashusha mtandio. Nikavaa glavu, nikachukua kioo, nikainama nitazame. Akanishika mkono.

"Andika kwanza," akasema. "Kung'oa baadaye."